Bakuli Lisilo na Uji: jinsi timu za vyuo vya Marekani zinavyopata nafasi ya mechi za mwisho wa msimu

SEHEMU YA 1: Ujumbe wa sauti saa nane usiku

 

Mlionizoea mnajua, mara mojamoja naweka pembeni chanjo na homa tunapiga stori ya historia. Ya leo ni ndefu, nimeigawa sehemu sita. Kama una mtoto wa kunyonyesha, kaa vizuri, mwegemeze, usome taratibu.

Ilianza hivi. Niko zamu ya usiku, wodi ya watoto imetulia, nimeshapima joto la mgonjwa wa mwisho. Nikachungulia simu. Kuna ujumbe wa sauti kutoka Buffalo, jimbo la New York. Ni rafiki yangu Mkongomani, tulifahamiana Kigoma enzi zile yeye yuko kambi ya Nyarugusu. Baadaye familia yake ikapelekwa Marekani, na mpaka leo akiwa na swali la mwili wa mtoto ananitafuta mimi.

"Dada nesi," anasema, "huyu kijana wangu ameleta fomu ya shule nitie sahihi acheze ule mpira wao wa kugongana. Na kila siku ananiimbia eti timu ya chuo cha hapa ikishinda mara sita inaenda kwenye bakuli. Bakuli gani tena, dada? Na hiyo fomu niifanyeje?"

Nilicheka mpaka mama mmoja aliyejilaza kwenye khanga chini ya kitanda cha mwanawe akainua kichwa. Nikamwomba radhi. Ila lile swali likaniganda. Kuanzia usiku ule nikawa nasoma kila nikipata nafasi, na nilichokuta humo ndani nikaona hakinifai kukaa nacho peke yangu. Maana hili bakuli linahusu jambo ambalo kila mzazi analijua: nani anapewa nafasi, nani ananyimwa, na nani ameshika mlango.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Huu si mpira wetu wa miguu. Mpira wao una umbo kama yai, unabebwa mikononi na kurushwa, wachezaji 11 kila upande, kofia ngumu kichwani, na kumwangusha mwenzio ndiyo kazi yenyewe. Vyuo vikuu vina timu ambazo watu wanazipenda kama sisi tunavyoumwa na Simba na Yanga. Uwanja wa chuo cha Michigan peke yake unaingiza watu zaidi ya 100,000.

Sasa shika hesabu hii, ndiyo mzizi wa stori yote. Ligi Kuu yetu ina timu 16, kila moja inakutana na kila moja nyumbani na ugenini, mechi 30, mwisho msimamo unasema bingwa ni nani. Hakuna ubishi. Kule daraja la juu la vyuo lina timu zaidi ya 130, na kila timu inacheza mechi 12 tu za kawaida, kuanzia mwishoni mwa Agosti mpaka mwishoni mwa Novemba. Timu nyingi hazitakutana kamwe. Utajuaje nani bora? Huwezi kujua kwa msimamo peke yake. Lazima mtu akae achague. Na pale mtu anapokaa kuchagua, mama, ndipo maneno yanapoanza.

SEHEMU YA 2: Waridi, machungwa na watalii

Mji wa Pasadena uko California, upande wa magharibi wa Marekani. Januari huku mashariki watu wanazama kwenye theluji, wao kule maua yanachanua. Tangu 1890 walikuwa na sherehe ya mwaka mpya, magari yamepambwa maua, lengo ni kuwatamanisha watu wa kwenye baridi waje wakatalii, wengine wanunue ardhi kabisa.

Tarehe 1 Januari 1902 waandaaji wakaongeza mechi. Wakawaita Michigan kutoka mbali wacheze na Stanford wa hapohapo California. Michigan wakashinda 49 kwa 0, na Stanford wakaomba mechi ikatishwe kabla muda haujaisha. Waandaaji wakaona aibu. Kwa miaka mingi wakaachana na mpira, wakaweka burudani nyingine, hadi mbio za magari ya kukokotwa na farasi kama ya Warumi wa kale. Mpira ulirudi 1916, na haukuondoka tena.

Jina la bakuli limetoka wapi? Ni umbo la uwanja. Chuo cha Yale kilijenga uwanja 1914, duara, umezama katikati, ukiutazama ni bakuli kabisa, wakauita Yale Bowl. Pasadena nao wakajenga wa kwao, ukafunguliwa 1922, ukaitwa Rose Bowl kwa sababu ya waridi. Mechi ikachukua jina la uwanja. Ndiyo hivyo tu. Hakuna uji.

Miaka ya 1930 uchumi wa dunia ukaanguka, miji ya kusini ikawa inatafuta wageni kwa udi na uvumba. Wakaiga Pasadena. Miami wakaanzisha Orange Bowl na New Orleans wakaanzisha Sugar Bowl, zote mbili 1 Januari 1935. Dallas wakaja na Cotton Bowl 1937. Angalia majina: machungwa, sukari, pamba. Kila mji ulitangaza kinachouingizia pesa. Leo mechi hizi zimefika arobaini na kitu, nyingi zina majina ya kampuni. Ipo ya viazi vya Idaho. Ipo ya mayonesi, kocha akishinda anamwagiwa mayonesi kichwani mbele ya kamera. Mimi na bei ya mayonesi nilivyoiona, nilisikitika.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Katika miaka ya mwanzo, kwa kawaida hakuna aliyefuzu.  Kamati ya mji ilikaa, ikaangalia timu gani imeshinda sana na timu gani ina mashabiki watakaopanda treni na kujaza hoteli, ikapeleka mwaliko. Ilikuwa kama harusi: kadi anatoa mwenye harusi. Waandishi wa habari nao tangu 1936 walikuwa wanapiga kura kuitaja timu bora ya nchi, na kwa miaka mingi walimtaja bingwa kabla hata mechi za bakuli hazijachezwa. Kwa hiyo mechi ilikuwa heshima na safari ya kwenda kwenye jua.

Wapo walioitwa wakakataa. Chuo cha Notre Dame kilicheza Rose Bowl 1925, kikashinda, halafu kikafunga mlango: hakuna kwenda tena kwenye bakuli, msimu unarefuka, unaingilia masomo. Walishikilia msimamo huo mpaka msimu wa 1969. Miaka zaidi ya arobaini, timu maarufu kuliko zote inawaambia matajiri "asante, watoto wana masomo." Ningependa kumjua aliyekuwa anazijibu zile barua.

SEHEMU YA 3: Hapa nesi anaingia

Rafiki yangu aliuliza mambo mawili, la bakuli na la fomu. La fomu nisingeweza kulikwepa.

Mchezo huu zamani ulikuwa unaua. Siongezi chumvi. Mwaka 1905 magazeti ya Marekani yalihesabu vijana wasiopungua 18 waliokufa kwa kuucheza ndani ya msimu mmoja, wengi wao wa sekondari. Walikuwa wanashikana mikono kama ukuta, wanamvamia mmoja kwa pamoja, bila kofia ya maana. Rais Theodore Roosevelt, ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa anacheza chuoni Harvard, aliwaita wakuu wa mchezo Ikulu akawaambia warekebishe. Vyuo vingine vilitaka upigwe marufuku kabisa.

Mwaka 1906 wakabadilisha sheria, wakaruhusu kuurusha mpira mbele ili wachezaji watawanyike uwanjani wasilundikane. Wakaunda pia chama cha kusimamia michezo ya vyuo, ambacho tangu 1910 kinaitwa NCAA. Chama hicho ndicho kilichokuja kuandika masharti ya nani aruhusiwe kwenye bakuli. Kwa hiyo daftari la sheria lilifunguliwa kwa sababu ya jeneza za watoto wa watu. Nalisema hivyo kwa sababu kazini kwangu ni vilevile: kanuni nyingi zilizobandikwa ukutani, ukifuatilia, nyuma yake kuna mgonjwa aliyeumia.

Siku hizi vifo vya uwanjani ni vichache sana. Kilichobaki ni kichwa. Mwaka 2017 watafiti wa Boston walichapisha matokeo ya kuchunguza ubongo wa wachezaji waliofariki. Kati ya 111 waliowahi kucheza ligi ya kulipwa, 110 walikuwa na ugonjwa wa ubongo unaohusishwa na kugongwa mara kwa mara. Usikimbilie kusema kila mchezaji anao. Ubongo ule ulitolewa na familia, na nyingi zilikuwa zimeshaona mzee amebadilika. Lakini pia usiuchukulie kirahisi.

Na hili ni la kwako wewe ambaye mwanao anacheza ndondo hapo kiwanjani, au anaparamia mwembe. Mtoto akigonga kichwa halafu akatapika, akachanganyikiwa, akalalamika kichwa kinazidi kuuma, akasinzia isivyo kawaida, akaona maluweluwe au akapoteza fahamu hata kidogo, usimpake mafuta ukamlaza. Mlete hospitali. Na hata kama anaonekana mzima baada ya kugongwa vibaya, siku hiyo hachezi tena. Hata kama ni fainali. Hata kama kocha ananuna.

SEHEMU YA 4: Kijana wa Buffalo hajui hili

Sasa turudi kwenye mwaliko. Niliwaambia kadi anatoa mwenye harusi. Na mwenye harusi akiwa mbaguzi?

Mechi nyingi za bakuli zilikuwa majimbo ya kusini, ambako watu weusi na weupe walitenganishwa shuleni, kwenye basi, mpaka wodini. Mwaka 1951 timu ya chuo cha San Francisco ilicheza mechi 9 ikashinda zote 9. Ilistahili kuitwa. Wakafikishiwa ujumbe kwamba mwaliko ungewezekana kama wangewaacha nyumbani wachezaji wao wawili weusi, Ollie Matson na Burl Toler. Timu ikasema hapana, tunaenda wote au haendi mtu. Hawakuitwa. Chuo kilikuwa na uhaba wa pesa, na baada ya msimu ule timu ikavunjwa. Mwaka uliofuata Matson alikwenda Olimpiki ya Helsinki akarudi na medali mbili. Toler, baada ya kuumia goti, akaja kuwa mwamuzi wa kwanza mweusi katika ligi kuu ya kulipwa.

Nilipofika hapo nikadhani nimemaliza. Halafu nikaona jina: Buffalo. Mji uleule anaoishi rafiki yangu.

Mwaka 1958 chuo cha Buffalo kilikuwa na timu nzuri kuliko zote zilizotangulia pale. Ilishinda mechi 8, ikapoteza 1. Ikapata mwaliko wa kwanza wa bakuli katika historia yake: Tangerine Bowl, Orlando, jimbo la Florida. Fikiria vijana wa mji wa theluji, Desemba, wanaambiwa wanaenda Florida kwenye jua. Wengi ni watoto wa wafanyakazi wa viwandani. Shangwe.

Halafu likaja sharti. Uwanja ulikuwa mikononi mwa chama cha michezo cha sekondari za Orlando, na chama hicho hakikuruhusu weusi na weupe kucheza pamoja. Buffalo walikuwa na wachezaji weusi wawili, Willie Evans na Mike Wilson. Waje bila hao wawili.

Kinachouma zaidi ni hiki. Mechi ile ilikuwa ya hisani. Iliandaliwa na chama cha Elks cha Orlando, pesa zake zisaidie watoto wenye ulemavu. Mimi ninayefanya kazi na watoto nilisoma sentensi hiyo mara mbili. Watu wanakusanya pesa za kumtibu mtoto, na hapohapo wanamfungia mlango mtoto wa mwingine. Mtu anaweza kuwa na huruma na ubaguzi ndani ya moyo mmoja, akalala usingizi mzuri tu.

Wachezaji wakakusanywa, wakaambiwa uamuzi ni wao, wapige kura. Wote wakakataa safari. Evans na Wilson hawakulazimika kuomba. Hebu waza wewe ni mama wa mmoja wa wale vijana weupe. Mwanao hajawahi kuona bahari ya kusini, hatapata nafasi hii tena, na hakuna ambaye angemlaumu akienda. Anarudi nyumbani anakuambia "mama, hatuendi."

Na kweli hawakuitwa tena. Mwaka ukapita, ikapita miaka kumi, ishirini. Katikati hapo chuo kiliifuta timu kabisa baada ya msimu wa 1970, kikairudisha 1977. Ilichukua miaka hamsini. Mwaka 2008 Buffalo walitwaa ubingwa wa ligi yao, na Januari 2009 wakacheza International Bowl kule Toronto, ng'ambo tu ya ziwa. Kocha wao alikuwa Turner Gill, mtu mweusi. Walifungwa 38 kwa 20 na Connecticut. Ushindi wao wa kwanza kwenye bakuli ulipatikana Desemba 2019, waliwapiga Charlotte 31 kwa 9 huko Bahamas. Kwa hiyo jua walilipata mwishoni.

Nilimtumia rafiki yangu sehemu hii kabla yenu. Akanijibu kwamba amekaa mji ule miaka yote hiyo na hakuwahi kusikia.

SEHEMU YA 5: Ushindi sita, na daftari la darasani

Haya, sasa lile alilokuwa anaimba yule kijana: kushinda mara sita. Tangu 2006 msimu ulipokuwa rasmi wa mechi 12, kanuni ni kwamba timu ikishinda angalau nusu, yaani 6, inaruhusiwa kuitwa kwenye bakuli. Ukishinda dhidi ya timu za daraja la chini, unahesabiwa ushindi mmoja tu wa namna hiyo, usije ukajipangia vibonde sita ukajiita mwanaume.

Zingatia neno: inaruhusiwa kuitwa. Ushindi sita unakufikisha kibarazani. Kuingia ndani bado kunategemea ligi yako ina makubaliano na bakuli gani. Ligi, kwa kule, ni kundi la vyuo kumi na kitu, na kila ligi ina mikataba: wa kwetu wataenda bakuli hili na lile. Waandaaji huwa na sauti katika kuchagua, na mpaka leo wanaangalia nani ataleta mashabiki. Ila tofauti na 1958 ni kwamba masharti yameandikwa, na kila mtu anayasoma kabla msimu haujaanza.

Sasa kipande ninachokipenda kuliko vyote. Bakuli zimekuwa nyingi hivi kwamba kuna miaka timu zenye ushindi sita hazitoshi kujaza viti. Viti vilivyobaki anapewa nani? Mwenye mashabiki wengi? Mwenye kocha maarufu? Hapana. Zinaangaliwa timu zilizoshinda mara 5 na kufungwa 7, na zinapangwa kwa maendeleo ya wachezaji wao darasani. Kuna kipimo cha NCAA, alama ya juu ni 1000: kila mchezaji mwenye ufadhili wa masomo anaipatia timu pointi akibaki chuoni, na pointi nyingine akiwa anafaulu vya kutosha. Na timu ambayo wastani wake wa miaka minne uko chini ya 930 inaweza kuzuiwa mechi za mwisho wa msimu hata kama uwanjani imeshinda.

Mwaka 2015 viti vilibaki, na timu tatu zenye ushindi 5 zikaingia kwa njia ya daftari: Nebraska, Minnesota na San Jose State. Watu wakazicheka, wakasema wamebebwa. Zote tatu zikashinda mechi zao za bakuli. San Jose State walishinda Cure Bowl, mechi iliyoanzishwa kuhamasisha mapambano ya saratani ya matiti. Ilichezwa Orlando, kwenye uwanja uleule uliowafungia mlango Buffalo 1958.

Na tukitaja saratani ya matiti, mama, mara ya mwisho umejichunguza lini? Haya, tuendelee.

SEHEMU YA 6: Mguu wa Jordan Travis, na fomu ya rafiki yangu

Mpaka hapa tumeongelea bakuli za kawaida. Kuna na zile za ubingwa, ambako ugomvi ni mkubwa zaidi.

Zamani bingwa alitokana na kura, na kura zikigongana mnapata mabingwa wawili. Mwaka 1997 ilikuwa hivyo, Michigan na Nebraska wote walijiita mabingwa na wote walikuwa na karatasi ya kuonyesha. Kuanzia msimu wa 1998 wakaweka utaratibu wa kuchanganya kura na kompyuta kupata timu mbili za fainali. Kuanzia 2014 ikawa timu nne, zinachaguliwa na kamati ya watu 13 wanaokaa chumbani na kupanga orodha ya timu 25 bora.

Mwaka 2023 Florida State walishinda mechi zote 13, wakawa mabingwa wa ligi yao. Kwa akili ya kawaida, wamo. Lakini Novemba kwotabeki wao, yule anayeongoza mashambulizi, Jordan Travis, alivunjika mguu. Timu ikaendelea kushinda bila yeye. Kamati ikakaa, ikasema timu hii bila Travis si ileile, nafasi ya nne ikaenda kwa Alabama waliokuwa wamefungwa mara moja. Travis akaandika mtandaoni kwamba alitamani mguu ungevunjika mapema zaidi, ili watu waone timu si yeye peke yake.

Nimeuguza mifupa iliyovunjika mingi. Sijawahi kumsikia mgonjwa akitamani angeumia mapema. Huyu kijana alikuwa kitandani anajilaumu kwa tarehe ya kuumia kwake, kwa sababu watu 13 walitazama mguu wake wakaona sababu. Florida State wakapelekwa Orange Bowl, wengi wa nyota wao hawakucheza, wakafungwa na Georgia 63 kwa 3.

Msimu uliofuata, 2024, milango ikapanuliwa: timu 12. Msimu huo mabingwa watano wa ligi waliopangwa juu kuliko wengine waliingia kwa haki yao, saba zilizobaki zilichaguliwa na kamati. Timu nne zinavuka raundi ya kwanza bila kucheza, nyingine nane zinaanzia kwenye viwanja vya vyuo, halafu robo fainali na nusu fainali zinachezwa kwenye bakuli sita kongwe na kubwa, Rose, Sugar, Orange, Cotton zikiwemo. Ohio State walikuwa wamefungwa mara mbili, kwa utaratibu wa timu nne wasingeingia. Wakaingia, wakafika fainali, wakawafunga Notre Dame 34 kwa 23 na kuwa mabingwa, Januari 2025. Naam, Notre Dame walewale waliokuwa wanakataa safari kwa ajili ya masomo.

Kuna faida hapo. Zile nafasi tano za mabingwa zinamaanisha hata ligi ndogo, kama ya Buffalo, bingwa wake akipangwa juu vya kutosha hakuna wa kumzuia. Kuna gharama pia: Ohio State walicheza mechi 16 msimu ule. Mechi 16 za kugongana vichwa, na wengi wao ni vijana wa miaka 19 mpaka 23. Mama akiuliza "mnaongeza mechi kwa faida ya nani?" hajakosea. Angalau tangu 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa majina na picha zao, maana kabla ya hapo kila mtu pale uwanjani alikuwa analipwa isipokuwa anayegongwa.

Ukiiangalia historia yote kuanzia 1902, utaona mlango uleule unavyohama mkono. Mwanzo uko kwa wauza ardhi wa Pasadena. Ukahamia kwa wenye uwanja wa Orlando. Leo sehemu uko kwenye kanuni iliyoandikwa, sehemu kwa watu 13 chumbani. Kila kanuni iliyoandikwa imepunguza kidogo uwezo wa mtu kumwambia mwenzie "wewe njoo, yule abaki." Haijaumaliza. Kwa hiyo mwanao akija nyumbani anasema hajachaguliwa, kwaya, timu, ufadhili, chochote, kabla hujamfuta machozi muulize wanachagua kwa kanuni gani. Kama ipo, mtajua pa kuongeza bidii. Kama haipo, nenda shuleni ukaulize kwa heshima. Na akija anasema amechaguliwa, muulize nani kaachwa, na kwa nini.

Kuhusu fomu. Kazini fomu ya ridhaa huwa simtii mtu sahihi kwa mkono wake. Namweleza faida, namweleza hatari, najibu maswali, kalamu anashika yeye. Nikamfanyia hivyohivyo rafiki yangu. Nikamwambia aulize shuleni mambo matatu: mtoto akigongwa kichwa nani anamtoa uwanjani, kuna mtu wa afya pale siku ya mazoezi au siku ya mechi tu, na wanagongana mara ngapi kwa wiki. Akaenda akauliza.

Jana usiku kaniletea ujumbe mwingine. Majibu mawili yamemridhisha, moja bado. Fomu ameibandika kwenye friji, haijatiwa sahihi. Alimsimulia kijana habari za Evans na Wilson, kijana akanyamaza kidogo, halafu akauliza wale wengine weupe kama waliwahi kujuta.

Rafiki yangu alikosa jibu. Mimi pia.

Wewe ungetia sahihi? Niambie hapo chini, na useme kwa nini. Nikitoka zamu asubuhi nitasoma yote.